Mpaka Mapovu Yaishe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mwiko. Fundi Mkuu wetu hapa Tabora, mzee mfupi aliyetembea na timazi mfukoni kama wengine wanavyotembea na saa, alinionyesha pipa la maji na rundo la matofali ya kuchoma, akasema, "Loweka." Timazi ni kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi, kinachokuambia kama ukuta umesimama au umeanza kusinzia. Mimi nilikuja kujenga, nikapewa kazi ya kuogesha matofali.

Kufika saa nne nimechoka. Nikawa nachovya, natoa, napanga. Mzee akaja, akaokota moja, akalirudisha majini. Likatoa mapovu kama sufuria ya uji.

"Kijana, hilo linafanya nini?"

"Shikamoo. Linatoa mapovu."

"Marahaba, na hii ni ya tatu leo, shikamoo zako hazitakusaidia. Linakunywa. Ukilijenga na kiu yake, litakunywa maji ya nani?"

Nikachungulia pipani.

"Ya udongo." Udongo, kwetu mafundi, ni mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshikanisha tofali na tofali. "Udongo ukinyang'anywa maji haushiki, unakauka tu. Kukauka na kushika ni vitu viwili. Ngoja mpaka mapovu yaishe."

Jioni nilihesabu matofali mia nne na kumi. Nikarudia, mia nne na tisa. Tangu siku ile nahesabu kila kitu mara mbili, na mara nyingi hesabu ya pili ndiyo ya kweli na ndiyo mbaya.

Baadaye nilipelekwa Ulyankulu kujenga madarasa, chini ya Msimamizi wa Majengo, bwana aliyependa haraka. Tulichimba msingi mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto, kwenye ule udongo mweusi wa mbugani. Ardhi ilikuwa imevimba kwa maji, inachimbika kama ugali. Mwezi wa saba ilipokauka ikanywea, na kona ya darasa ikafunguka ufa wa kuingiza kiganja.

"Fundi, huu ufa ulikuwepo?" Msimamizi aliniuliza.

"Haukuwepo, mzee. Tumeujenga wenyewe."

Hakucheka. Tulibomoa kona nzima. Mimi nikatoka Ulyankulu nikiiogopa mvua kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Nikiona wingu moja nalihesabu mawili.

Hofu hiyo ndiyo iliyoniponza Kanyenye, mtaa wa hapa hapa Tabora.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kujitegemea. Mwalimu Felista, mwalimu wa shule ya msingi, alinifuata mwezi wa tisa mwishoni. Mama yake mzazi alikuwa akilala kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyopasuka ukuta wa upande wa kitanda. Nilipiga timazi: ukuta umeinamia ndani vidole vinne. Nikapiga tena: vinne na nusu.

"Mvua za mwaka huu hautazimaliza," nilimwambia.

"Basi nijengee vyumba vinne kabla hazijaanza."

"Mwalimu, ungekuja mwezi wa tano. Mvua imekatika, visima vimejaa, ardhi bado laini. Sasa hivi hata chura anaomba maji."

"Mwezi wa tano ukuta ulikuwa mzima, fundi. Sema siku ngapi."

Nilitaja arobaini na tano. Akasema thelathini. Tukavutana mpaka thelathini na nane, na mama yake, Bibi Magdalena, akiwa ndani anasikia yote, akapaza sauti: "Mnanadi siku kama vitunguu! Mungu amewauzia lini?"

Tukaanza. Msingi peke yake ulikula siku kumi na tano. Kila asubuhi nilianza kwa kutazama juu. Miyombo ya pembeni mwa mji ilikuwa imeshatoa majani mapya mekundu, na mtu wa Tabora akiyaona hayo anajua mvua iko njiani. Kisima cha jirani kilikuwa kinatoa ndoo sita kisha kinapumzika. Vijana wangu wakaniuliza, "Fundi, matofali tunaloweka au tunanyunyizia?" Nikatazama juu, nikaona kipande cha wingu. Nikasema, "Nyunyizieni, twende."

Tukaenda kweli. Kozi kumi na mbili, yaani mistari kumi na miwili ya matofali, kwa siku sita. Watu wakapita wakisifu.

Siku ya saba ya kuta nilitaka kufunga uzi wa kunyooshea kozi, nikaelekeza msumari kati ya matofali mawili. Haukuhitaji nyundo. Uliingia kwa kidole gumba, na udongo ukamwagika kama unga wa muhogo. Nikajaribu pengine, ukaingia. Nikazunguka vyumba vyote vinne. Nikazunguka mara ya pili, nikiomba hesabu ya kwanza iwe imekosea.

Nilikaa juu ya ndoo. Ningeweza kupiga lipu juu, pasiwe na wa kujua. Lakini huo ukuta ungebeba bati, na chini ya bati angelala Bibi Magdalena. Ningemtoa kwenye ukuta mbovu wa zamani nikamlaza kwenye ukuta mbovu mpya.

Mwalimu alipotoka shule nikampa msumari.

"Choma mwenyewe."

Alichoma. Akautazama, akanitazama. "Ni mvua?"

"Ni mimi. Nilikuwa natazama mawingu, jua likaniibia ukuta."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na sita. Nikihesabu tena, kumi na nne."

"Na mama yangu?"

"Nipe chumba kimoja badala ya vinne. Maji nitateka mbali kwa baiskeli, bila nyongeza. Hicho kimoja nakuahidi kitashika."

Akanirudishia msumari wangu. "Bomoa," akasema.

Tulibomoa, tukakwangua matofali, tukaloweka kila moja. Nilisimama juu ya pipa nikitazama mapovu. Juu sikutazama tena. Ukuta tuliufunika magunia mabichi usikaushwe na jua. Tone la kwanza lilinipiga shingoni nikiwa nagongomelea bati la mwisho. Kitanda cha Bibi kilihamishwa kikilowa.

Ukuta wa zamani, nilioapa hautamaliza mvua, ulizimaliza zote. Bibi alinicheka kila Jumapili akitoka misa. "Fundi, shikamoo ya ukuta wangu! Umekuulizia."

Ulianguka mwezi wa saba, saa nne asubuhi, mbingu nyeupe, hata upepo hakuna. Uliua kuku mmoja na kuvunja mtungi. Siku hiyo Bibi hakunicheka.

Sasa nimestaafu, mgongo umenistaafisha. Vijana wananiuliza mwezi mzuri wa kujenga. Nawaambia msingi mwezi wa tano, kuta wa sita na wa saba, bati kabla miyombo haijawa myekundu. Wanaandika kwenye simu, wanaridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu mwezi mzuri nao una namna yake ya kukuibia.

Bibi Magdalena alishatutoka, kwa uzee wake, kitandani mwake. Kila mwezi wa kumi napita kwa Mwalimu na msumari wangu. Mwaka jana alinifungulia mlango akiwa na fimbo ya kutembelea, nikaujaribu msumari kwenye ukuta wa kile chumba.

"Umeingia?"

"Haujaingia."

"Jaribu tena, fundi. Tangu lini ukahesabu mara moja?"

Nikajaribu tena.