Barafu ya Mtu

Miaka ile biashara huria ilipoanza, sangara wa ziwa letu wakawa wanapanda ndege kwenda Ulaya, watu wengi wa Mwanza walikimbilia samaki. Mimi nilikimbilia barafu. Nilikuwa nimerudi kutoka Bulgaria na stashahada ya ufundi wa majokofu, na sioni haya kusema kwamba mtaa wetu mzima wa Pasiansi haukuwa na mwingine aliyejua kuyageuza maji ya ziwa yakawa mawe. Kiwanda nilikijenga mwenyewe. Ajenti mmoja wa kiwanda cha minofu ya samaki, aliyewahi kunisimamisha mlangoni kwake nusu siku, sasa alikuwa anakuja kunisubiri mimi.

Lakini mteja niliyempenda alikuwa mchuuzi mmoja wa samaki, mwanamke wa Misungwi, aliyechukua bonge moja tu kila asubuhi. Mama yake mzazi alimfuata mara nyingi, akaketi juu ya pumba za mpunga tulizofunikia barafu, akaniombea: "Mungu akupe baridi, mwanangu." Baraka hiyo sijaisikia tena kwa mtu mwingine.

Asubuhi moja yule mchuuzi alikuja bila beseni.

"Injinia, mama ametutoka usiku," alisema. "Kaka yangu yuko kwenye treni, anafika kesho jioni. Wazee wanataka tuzike leo, wanasema joto hili halingoji mtu. Nisaidie hata vile vipande vya sakafuni, kaka amwone uso."

Kibarua wangu akachukua koleo. Nikamzuia.

"Si hiyo."

"Bosi, barafu ni barafu," akacheka. "Sangara hajawahi kulalamika."

"Sangara gani uliwahi kumwamkia shikamoo?"

Akaliweka koleo chini. Yule bibi tulikuwa tunamwamkia sote.

Tulinawa mikono, tukatoa mabonge meupe ambayo hayajagusa sakafu, tukayafunga kwa shuka safi. Hapo ajenti akashuka kwenye lori lake.

"Hayo ni ya oda yangu! Samaki wangu waoze kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa?"

"Wewe una samaki wengi, mzee. Huyu alikuwa na mama mmoja."

"Umesoma Ulaya kuja kuwa mchungaji?"

"Nimesoma ili nichague."

Akaondoka kwa hasira kutafuta barafu kwingine. Angeipata wapi? Alasiri alirudi akaketi kungoja zamu yake.

Tangu utotoni nilisikia kanisani habari za wale wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu alfajiri na manukato. Sikuwahi kusikia kwamba walijiuliza watapata faida gani. Wao walibeba manukato. Mimi nilikuwa na barafu, tena bora kuliko yote kandokando ya ziwa, nami niliamini kwamba yule bibi, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, alistahili iliyo bora. Nilikwenda kwao mwenyewe, nikapanga mabonge kwenye mabeseni chini ya kitanda, na vipande vidogo nikavizungushia mwilini, juu ya nailoni tuliyomfunika. Wazee walinitazama wakakubali kungoja. Usiku na siku iliyofuata nilibadilisha kila kilichoyeyuka.

Kaka alifika jioni na vumbi la safari kwenye nyusi. Dada yake akafunua shuka. Uso ulikuwa mzima, umetulia, kama wa mtu aliyepumzika baada ya kazi. Mimi nilisimama kando, kifua mbele, nikingoja aone kazi ya mtaalamu.

Hakuniangalia. Alipiga magoti, akashika mkono wa mama yake, akashtuka kwa ubaridi wake. Akaufumbata katika viganja vyake, akaanza kuusugua taratibu na kuupulizia pumzi, kama anavyofanyiwa mtoto aliyetoka kuoga ziwani.

"Mama amepoa sana," alimwambia dada yake. "Mwondoleeni haya."

Dada akanitazama. Nikakunja mikono ya shati, nikainama, nikaanza kuondoa vipande kimoja kimoja, polepole, nisije nikamgusa bibi kwa vidole vyangu vya baridi.