Nilimjibia Mke Wangu Mbele ya Daktari

Sitazunguka. Kosa ni langu. Nilimfukuza mama ya mtoto wangu nikasema ni daktari ameamuru, na daktari hakuamuru. Naandika kwa sababu sina mtu wa kuambia.

Binti yetu Mwende alizaliwa Kanyangi, miaka ya sabini. Alitembea vizuri lakini hakuongea. Ukimwita hageuki. Ukimshika analia kama umemchoma. Kitu kimoja tu kilimtuliza: kukaa karibu na mama yake akisuka kiondo, aangalie ile kamba ya mkonge ikizunguka.

Mimi nilikuwa kibarua Kiboko, kwa shamba la utafiti. Nyumbani nilifika mwisho wa mwezi. Kusema ukweli, mtoto wangu nilimjua kwa kusikia, na nilisikia kwa mama yangu mzazi.

"Huyo bibi yako mikono iko kwa kiondo, mtoto ako kwa vumbi!" Kila nikifika, ni hayo.

Kanisani walimwombea. Mwisho tukampeleka hospitali kubwa Nairobi. Daktari aliongea Kiswahili, mke wangu alijua Kikamba tu. Kwa hivyo mkalimani nilikuwa mimi.

Daktari akauliza, "Mama humbeba? Humchekea? Humwonyesha mapenzi?"

Mke wangu akanigusa mkono. "Baba Mwende, anauliza nini?"

"Anauliza mtoto anakula nini."

"Mwambie ni uji wa wimbi, na maziwa yakipatikana."

Nikamgeukia daktari nikasema, "Hapana. Huyu ni kiondo tu." Woi! Maneno ya mama yangu, kwa mdomo wangu!

Kwa nini nilidanganya? Pengine niliona aibu kumuuliza mke wangu mambo ya mapenzi mbele ya mtu. Pengine nilitaka kosa liwe la mwingine. Hata leo sijui.

Daktari akasema ubaridi wa mama unaweza kumfanya mtoto ajifungie hivyo, na pengine akae na nyanya yake kidogo. Nisimwonee huyo daktari. Alisema pengine, na alisema kidogo. Aliyefanya iwe moja kwa moja ni mimi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mke wangu arudi kwao Ikutha. "Daktari amesema."

"Ni sababu ya chakula?"

Nikamfungia nguo zake. Akaenda na kiondo chake. Mwende alipiga kichwa ukutani siku nyingi sana, mpaka mama yangu mwenyewe akalia.

Mwende amekuwa mtu mzima bila neno. Halafu juzi, kwa kliniki ya kanisa huku Makueni tunakoishi sasa, akaja daktari msichana. Alimwangalia muda mrefu, akasema hali hiyo inaitwa otizimu.

"Ni mama yake alimharibu," nikasema.

"Mzee, nani alikuambia hivyo?"

"Daktari. Zamani."

Alishusha pumzi. "Siku hizo hata vitabu vyetu vilisema hivyo. Vilikosea. Mtoto huzaliwa hivyo, mama hana hatia." Kisha akauliza, "Na mama yuko wapi? Ndiye angenieleza alivyokuwa akiwa mdogo."

Jamani! Miaka yote hiyo, huyo ndiye mtu wa kwanza kutaka kumuuliza.

Nilienda Ikutha na Mwende. Mke wangu ana mvi sasa. Alitupatia viti, hakupiga kelele. Nikamweleza yote, na lile swali la daktari pia, vile lilivyokuwa.

Aliweka kiondo chini. Halafu akasema, "Kwa hivyo haikuwa uji?"

"Haikuwa."

"Baba Mwende, watoto wa ndugu yangu sijawahi kuwapikia. Hata siku moja. Niliogopa nitawaharibu kama Mwende."

Nililia mbele yake, nikamwomba turudi nyumbani. Alimwangalia mtoto wake. Mwende alikuwa ameshakaa chini kando yake, ameshika ncha ya kamba ya kiondo, ametulia vile sijamwona ametulia tangu akiwa mdogo.

"Mwache hapa," akasema. "Wewe nenda."

Nimerudi nyumbani peke yangu.

Wewe unayesoma, siku utamsemea mtu mbele ya daktari, sema alichosema yeye. Muulize kwanza! Hata kama ni aibu, muulize! Madaktari walikosea wakaandika vitabu vingine. Mimi nimeandika haya kwa daftari, lakini siku ile ya hospitali siwezi kuiandika upya.