Sufuria ya Weusi

Kijijini kwao, kwenye milima ya kaskazini mwa Karpathos, kisiwa cha Ugiriki, mtu alipokufa hakuna aliyeuliza nguo nyeusi zitatoka wapi. Kengele ya kanisa ikianza tu kulia ule mlio wake wa msiba, moshi ulionekana nyuma ya nyumba ya Rigopula, mke wa Minas fundi viatu. Alikuwa ameshatia kuni chini ya sufuria.

Ile sufuria ya shaba aliirithi kwa mama yake pamoja na kazi yenyewe. Wafiwa walileta mabunda yao: sketi, aproni, vitambaa vya kichwa, soksi, hata shati la mtoto mchanga. Rigopula alichemsha maganda ya komamanga na ya jozi pamoja na unga wa rangi wa dukani, akatia siki na chumvi ili rangi ishike, akakoroga kwa mti wa mforosadi mpaka nguo zote zikawa kitu kimoja. Weusi wake haukuchuja. Kulikuwa na wajane waliozikwa na sketi alizowachovyea mama yake, na zilikuwa bado nyeusi.

"Haros akipita hapa kwako anavua kofia," jirani yake Kalitsa alikuwa akimtania. Haros ni yule mpanda farasi mweusi anayekuja kuchukua roho za watu. "Anadhani kafika nyumbani."

"Mwambie aje achukue nguo zake basi, zimenijaa uani."

Sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kuchovya chochote alifungua bunda kwa mikono yake mwenyewe na kutafuta vazi la mrithi. Katika kijiji kile binti wa kwanza ndiye hurithi nyumba ya mama, mizeituni ya mama na vazi la arusi la mama: kizibao, gauni la mikono mipana, aproni ya maua. Tangu siku anayozaliwa, vazi ni lake; mama analitunza tu sandukuni. Kwa hiyo msiba uwe mzito kiasi gani, vazi hilo haliingii sufuriani. Wafiwa hawaoni vizuri kwa machozi, huzoa kila kilicho karibu. Rigopula aliona kwa niaba yao. Mara nyingi alimrudisha mtu mlangoni na vazi mkononi: "Hili si lako mama, ni la mwanao. Lirudishe."

Alikuwa na watoto wawili. Sevasti, binti yake, alikuwa wa kwanza. Nikitas alikuwa wa pili, akaenda kisiwa cha Rodos kujenga hoteli, na huko jukwaa la mbao likakatika. Walimleta kwa meli ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, na mamake akakatazwa kulifungua. Akaimba maombolezo yote akiwa ameutazama ubao.

Walipotoka makaburini hakuingia ndani kupumzika. Alikokota masanduku ya nguo mpaka uani, akayamimina yote ndani ya sufuria bila kufungua bunda hata moja. Kalitsa alijaribu kumshika mkono.

"Shoga, ngoja. Hujatazama."

"Nitazame nini? Nimekatazwa kutazama."

Akakoroga. Maji yalipochemka mti ukanyanyua mkono mpana wa gauni, wenye nakshi za makomamanga kwenye pindo zake, nakshi zilizokuwa nyekundu asubuhi ile. Rigopula akaacha kukoroga. Alisimama vile vile, mvuke ukimpanda usoni, hadi Sevasti alipotoka jikoni, akaona, akaufunga mkanda wa aproni yake vizuri kama mtu anayeanza kazi. Akalivuta vazi kwa mti, akalitupa juu ya jiwe, akashika upande mmoja.

"Shika huko, mama. Tulikamue lisije likakunjamana."

Vazi likakaushwa, likakunjwa, likarudi sandukuni. Minas naye akaichukua lira yake, ile fidla ndogo aliyokuwa akiipiga gotini katika kila arusi ya kijiji, akaitundika kwenye msumari wake, uso ukiangalia ukuta.

Kijiji kile kina mambo ambayo hayasemwi kwa sababu yanajulikana. Mojawapo ni kwamba mama aliyefiwa na mtoto hagusi tena uzi mwekundu. Akiugusa, ni kama amemwambia marehemu aende zake, hapa hapana nafasi. Rigopula hakuwa na shida na hilo. Alichovya nguo za watu kama zamani, akafungua mabunda kwa uangalifu zaidi kuliko zamani, na miaka ikapita.

Kisha Filipas, seremala, akamposa Sevasti. Mama wa Filipas, Argiro, alikuja majira ya baridi kupanga mambo. Alikuwa mwanamke wa maneno ya wazi. Alipomaliza kahawa yake akauliza:

"Na vazi la nyumba lipo, mkwe?"

"Lipo," Rigopula alisema.

"Nitanunua jeupe Rodos," Sevasti akadakia. "Siku hizi wote wanavaa jeupe."

"Wote akina nani? Waje niwaone. Kwetu bibi arusi hatoki na gauni la dukani kama mtalii."

"Basi mimi nitakuwa mtalii, mama. Mtanikaribisha tu."

Argiro akacheka, lakini alipoondoka jicho lake lilikwenda kwenye sanduku.

Siku ile ile Rigopula alitoa vazi. Akachemsha magadi ya majivu, akaloweka ncha moja ya ndani, akaisugua. Kitambaa kililegea, weusi ukabaki. Alijua kabla hajaanza. Hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba rangi yake haitoki. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kushona nakshi upya juu ya weusi, maua yote, makomamanga yote. Na makomamanga hayashonwi kwa uzi wa kijani.

"Nipe nikushonee," Kalitsa alijitolea.

"Wewe? Soksi uliyomshonea mumeo ilikuwa na nafasi ya kidole cha sita."

"Na aliivaa mpaka akafa, Mungu amrehemu. Hakulalamika."

"Alikuwa mpole."

Walicheka kidogo. Sevasti alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Sitaki lishonwe," alisema. "Na mtu yeyote. Mama, ukishika nyekundu kwa ajili yangu, kila nitakapolivaa nitajua mimi ndiye niliyemtoa Nikitas humu ndani. Acha nivae jeupe. Jeupe halina mtu."

Rigopula akalikunja vazi. Lakini tangu hapo usingizi wake ulikuwa wa vipande. Binti akitoka kwa gauni la dukani, kijiji kizima kitajua kwa nini, na hilo angelivumilia. Lililomkaa kooni ni kwamba Sevasti angetoka mlangoni siku ya arusi bila kitu pekee kilichokuwa chake tangu siku ya kwanza, na aliyemnyang'anya ni yule aliyekuwa akiwarudisha wenzake mlangoni.

Akamwendea Minas kibandani kwake. Mzee alikuwa akishona buti jekundu la mwanamke, lile refu la ngozi.

"Wewe unashika nyekundu kila siku," alimwambia.

"Ni ngozi. Na mimi si mama." Akavuta uzi kwa meno. "Umekuja kusema nini?"

"Lira yako. Uliigeuza kwa ajili ya Nikitas?"

Minas akaweka buti chini. "Nikitas alikuwa akinisumbua niipige hata siku za Kwaresima. Niliigeuza kwa ajili yako, mama Sevasti. Nilisema, nikipiga, atasikia miguu ya nani ikicheza?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza."

Akaokota buti tena. Rigopula akakaa pale juu ya gogo la kukatia ngozi, na Minas hakumwondoa.

Jumamosi ya Roho, ile ya kabla ya Pentekoste, wanawake wote hupeleka ngano iliyochemshwa makaburini, yenye sukari na zabibu kavu, padri akaisomea, wakagawiana. Rigopula alikuja na sinia lake kama kila mwaka. Safari hii alikuwa na bunda kwapani. Padri alipomaliza na watu wakaanza kula, alikaa chini kando ya kaburi la Nikitas, akafungua bunda, akatandaza vazi jeusi magotini. Akatoa kifuko kidogo. Uzi uliokuwamo aliuomba kwa Kalitsa, na Kalitsa alikuwa amempa bila kuuliza.

Bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akitafuna ngano alimwinamia.

"Rigopula. Hiyo ni nyekundu."

"Naiona, bibi."

Akafumba macho, akaimba. Sauti yake ya maombolezo wote waliijua, ilikuwa imewasindikiza wazazi wao. Lakini maneno hayakuwa ya kuaga. Alikuwa anamwomba mtu ruhusa:

"Nikitas uliye chini, nyuzi hizi zitazame,
si kwamba nakusahau, ni dadako asimame."

Tundu la sindano likamshinda. Kalitsa akaichukua, akatia uzi, akamrudishia. Sevasti alikuwa amekuja na kusimama juu yao.

"Mama, nilikuambia."

"Uliniambia, na nimesikia. Sasa nisikilize na wewe." Rigopula hakuinua macho. "Nikitas hakukuchovyea vazi. Nimekuchovyea mimi. Yeye haingii katika hili. Nimeweka weusi mahali pasipo pake, na mwenye kuutoa ni mimi. Akitaka kukasirika, anikasirikie hapa hapa, mbele yake nashona."

Upepo ulikuwa ukilipeperusha gauni, sindano haipati pa kuingia. Sevasti alisimama kidogo zaidi. Kisha akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, akashika ncha ya kitambaa, akaivuta ikakaza, kama siku ile waliyolikamua.

"Hapa, mama?"

"Hapo. Usilegeze."

Mshono wa kwanza ulipita.

Kiangazi chote alishona uani, karibu na sufuria. Msiba ulipotokea aliweka sindano chini akachovya nguo za watu, kisha akanawa mikono kwa limau mpaka maji yakawa safi, akarudi kwenye makomamanga. Juu ya weusi nyekundu iliwaka kuliko ilivyowahi kuwaka juu ya nguo ya zamani. Kalitsa aliyekuja kila siku kumtilia uzi alikuwa wa kwanza kuligundua jambo jingine.

"Mikono umemaliza, kifua umemaliza. Na upindo wa chini mbona huugusi?"

"Upindo ni wa Nikitas."

Kalitsa akatia uzi mwingine kwenye sindano.

Siku ya arusi, baada ya sikukuu ya Bikira katikati ya Agosti, wapigaji walipanda ngazi za kijiji, zumari la ngozi ya mbuzi likiwa mbele. Walipofika kwa Minas wakasimama nje ya kizingiti na kunyamaza. Nyumba iliyofiwa haiingiwi na ala mpaka mama wa nyumba aseme kwa wimbo. Asiposema, wapigaji huzifunga vitambaani, na bibi arusi hutoka kimya kimya. Njia nzima ikasubiri. Argiro alikuwa ameshika mkono wa mwanawe.

Rigopula alitokea mlangoni na nguo zake nyeusi zile zile. Akaimba bila kuharakisha:

"Vukeni wapiga lira, mlango u wazi kweli,
wana wangu ni wawili, wapigieni wawili."

Wanaume walivua kofia. Baadhi walilia bila kujificha, kama wafanyavyo wanaume wa huko wimbo unapomtaja aliyekufa. Nyuma yake Minas alinyoosha mkono ukutani, akaigeuza lira. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Sauti ya kwanza ilitoka kama paka aliyekanyagwa.

"Fundi, umeipaka gundi ya viatu?" mtu akauliza kutoka nje.

"Ngoja uone kama miguu yako itaiweza," Minas akajibu, akakaza nyuzi.

Sevasti akatoka. Watu waliiona sindano ikifanya kazi kiangazi chote, lakini hakuna aliyewahi kumwona bibi arusi wa namna ile: mweusi kabisa, na maua mekundu yamemfunika toka mabegani hadi karibu na miguu. Kisha wakampisha.

Uwanjani kwa kanisa waliicheza ngoma ya duara mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Rigopula hakucheza. Alikaa na wanawake wenye majonzi kwenye benchi la jiwe, sahani ya makaruni, zile tambi za kijijini, na vitunguu magotini, na Argiro akaja kukaa ubavuni mwake. Kila duara lilipomzungusha Sevasti, gauni lilifunguka, na chini kabisa mstari mweusi usio na ua ukapita mbele yao, ukaenda, ukarudi.

Argiro aliutazama ukipita tena na tena.

"Kazi ya mikono hiyo, mkwe, sijaona mfano wake," alisema. "Ila upindo hukuumaliza."

"Nimeumaliza," alisema Rigopula.