Maziwa ya Mama Moraa

Kila ninaponusa kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, hukitua chini kwanza. Wenzangu wakisikia harufu hiyo ya moshi na maziwa yaliyoganda hutamani ugali. Mimi hurudi kwetu, vilimani juu ya soko la Kiptere, mwaka ule wa fujo za kikabila mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa kwetu walipowafukuza Wakisii.

Mama Moraa, Mkisii tuliyepakana naye mashamba, alikuwa amekimbia na watoto wake na blanketi moja. Chai yake ilibaki ikikomaa bila mchumaji. Ng'ombe wake naye alibaki, kiwele kimejaa, akilia kutwa nzima mpaka sauti ikamkauka. Vijana wa kwetu walikuwa wametangaza kwamba mtu asikanyage boma lile. Kanisani, mzee wetu aliombea amani kwa kirefu hadi magoti yangu yakafa ganzi, kisha tukarudi nyumbani kumsikiliza ng'ombe.

Mama hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti. Alichukua ndoo, akavuka ua, akamkamua. Maziwa aliyachemsha, akayatia katika vibuyu viwili ili yawe mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na ole wake mtoto ambaye angevigusa.

"Lakini mama, si mwenyewe ameenda?" nilimwuliza.

"Ameenda yeye. Ng'ombe bado ni yake."

Jumapili iliyofuata alifunga kitambaa chake cha kanisani, akanipa kibuyu kimoja nibebe. Tulipofika kanisani walikuwa wakiimba. Mama akaupita mlango kama haujui, akashika njia ya sokoni, ambako waliokimbia walikuwa wanalala katika uwanja wa shule. Niliona aibu. Kisha nikaona vijana wenye pinde barabarani, aibu yote ikaniisha, nikabaki na woga mtupu.

Kiprono, mtoto wa yule mzee wa kanisa, akatuzuia. Mama ndiye aliyemfundisha Sunday school.

"Mama Chebet, hiyo maziwa ni ya nani?"

Nilimwomba Mungu mama adanganye.

"Ni ya Mama Moraa."

Akaninyang'anya kibuyu changu, akayamwaga maziwa yote barabarani. Mama alikumbatia kile kingine, kisha akamnyooshea.

"Hata hii mwaga, Kiprono. Kesho nitakamua tena."

Kiprono akatazama chini, vumbi likinywa maziwa. Halafu akatupisha.

Kule uwanjani, Mama Moraa alikunywa huku akilia. Hakurudi kuishi kwetu. Ng'ombe akauzwa, shamba nalo likauzwa. Na kanisani, kwa muda mrefu, wanawake walimwachia mama benchi zima. Alikaa peke yake, akaimba vilevile.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema ile ndiyo Jumapili pekee ambayo mama alikosa ibada. Nilikuwa mtu mzima, nikisugua kibuyu cha nyumba yangu mwenyewe, nilipoelewa kwamba ibada tulienda, na mimi ndiye niliyebeba sadaka.