Zile R za Runazi

Siku niliyokwenda kuitetea tasnifu yangu, mwanangu, nilivaa suti ya kuazima na kujiamini kupita kiasi. Nilikuwa nimeandika jinsi watu wa sokoni Runazi, kule Biharamulo, wanavyochanganya l na r wanapozungumza Kiswahili. Usicheke, hata sisi wa Ngara tunachanganya.

Kabla ya hapo niliipeleka kwa mhariri wa kulipwa, mtu makini sana. Nikamwambia, "Nyoosha kila kitu, mzee." Akanyoosha kweli. Nami nikaikabidhi chuoni bila hata kuifungua, maana akili yangu ilishahamia kwenye mahafali. Nyumbani Kabanga mama alikuwa ameanza kuvundika ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya sherehe.

Basi siku hiyo ya utetezi, mbele ya jopo, msimamizi wangu, mama mmoja mpole, akaniomba nisome maneno ya bibi muuza maharage niliyemhoji. Nikasoma kwa madaha: "Tunalima, tunakula, kinachobaki tunauza."

"Hapo r iko wapi?" akauliza.

Haikuwepo. Bibi alikuwa amesema tunarima, tunakura. Mhariri alizisahihisha zote, na utafiti wangu ukafutika nao. Nikaanza kumlaumu mhariri.

"Yeye amefanya kazi uliyomtuma," msimamizi akanikatiza. "Yako wewe iko wapi?"

Nikakiri kwamba sikuisoma. Bora nilikiri, kwani wanajopo walishaanza kudhani nimetunga mahojiano, na hilo lingenifukuzisha chuo. Hata hivyo mahafali niliyakosa. Nilirudi Runazi na kanda zangu za mahojiano, nikazirudisha r moja moja. Nilipomsomea bibi yale maneno yaliyonyooshwa, alicheka hadi akashika mbavu.

"Huyo si mimi, mwarimu," akasema.

Basi sikiliza, mwanangu. Mhariri wa hiyo tasnifu yako mtafute, wala usione haya. Mwambie msimamizi wako, na mshukuru mhariri huyo kwa jina kwenye ukurasa wa shukurani. Akurekebishie nukta, tahajia na orodha ya marejeo. Mwandikie kabisa yale asiyoruhusiwa kugusa. Akijitolea kukuandikia hata aya moja ya matokeo, chukua karatasi zako uondoke. Kisha soma kila ukurasa kabla ya kuweka jina lako, maana waliokuamini wakakupa maneno yao hawatakuwepo mbele ya jopo kujitetea.

Mungu akupe macho ya kusoma ulichokiandika, na siku wakikuuliza ni kazi ya nani, uitikie bila kumeza mate.