Kimwagilio Kilichonyooshwa

Miaka ile ya kuadimika kila kitu, mume wa shangazi yangu, fundi mitumbwi pale Nyegina, hakuachaga msumari uliopinda. Anaung'oa kwenye mtumbwi uliooza, anaugonga juu ya jiwe mpaka unyooke, kazi inaendelea. Nusu ya mitumbwi ya ziwa letu ilishikwa na misumari iliyozaliwa mara saba.

Basi padri mmoja akirudi kwao akamwachia shangazi kimwagilio cha bustani, kile cha kuzunguka, na ruhusa ya kuvuta maji kwenye tanki la misheni. Shangazi alikuwa ameumia mgongo, ndoo haziwezi tena. Bila chombo kile nyanya zake kwa heri, na kiangazi kilikuwa kikali hata kenge walipiga hodi kuomba maji.

Fundi akakikagua. Mikono miwili ya bomba, ncha zimepinda, moja huku, moja kule. Akasikitika kwamba wazungu wamekitesa sana. Akachukua nyundo, akazinyoosha kama rula.

Tukafungulia maji. Yakaruka mistari miwili, chombo kimesimama kama mlingoti. Miche michache ikaogelea, mingine yote ikabaki kunyauka. Shangazi aliinua ndoo, akaishusha, akashika kiuno.

Mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni Musoma mjini, kwa hiyo nilijiona profesa. Lakini jibu nililipata ndani ya mtumbwi, nikimtazama fundi akipiga kasia. Anasukuma maji nyuma, sisi tunakwenda mbele. Nikamweleza kwamba kimwagilio nacho kinapiga kasia: maji yakitokea ubavuni, mkono unasukumwa upande wa pili. Yakitoka moja kwa moja, hakuna cha kuuzungusha.

"Unataka nipinde kitu kilichonyooka?" akauliza, kama nimemwambia ateme mate altareni.

"Pinda, baba. Moja huku, moja kule, kama wapiga kasia waliogombana."

Akapinda, uso ameukunja. Maji yakaja. Kikajitikisa, kikaanza kuzunguka, na bustani nzima ikapata mvua yake. Shangazi akasimama katikati, akalowa, akacheka.

"Asante, mzee wangu. Sasa usije ukaninyooshea na mundu wangu."

Baadaye maduka ya Musoma yalijaa misumari mipya na vimwagilio vya plastiki. Shangazi hakubadilisha chake. Nyanya zake, kubwa kama vichwa vya watoto, nilizila na dagaa kila siku kabla ya kupanda baiskeli kwenda darasani. Cheti changu ukikinusa vizuri, mpaka leo kinanukia nyanya za wale wawili.