Seva Iliyobaki na Mtu Mmoja

Kaka yangu alianguka kutoka juu ya lori la pamba, Bunda, na tangu siku ile hajasimama tena. Mikono ilibaki mizima. Ndiyo maana nilimfungulia seva, ukumbi wa kukutania mtandaoni, kwenye kompyuta yangu ya zamani, nyumbani Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, tucheze pamoja mchezo wa kujenga kijiji. Tulikuwa watatu: yeye Bunda, mimi Musoma, na rafiki yetu wa tangu shule, mwalimu huko Butiama. Tulikutana Jumamosi mchana. Ndani ya mchezo kaka alikuwa anatembea. Hatukuwahi kulisema hilo, ila nilimwona akipanda mlima, akishuka, akipanda tena bila sababu.

Kisha seva ikaanza kukatika. Kila baada ya dakika kumi hivi, picha inaganda, tunatupwa nje. Tukirudi, ukuta alioujenga kaka haupo.

Niliwaomba kila mmoja aandike saa anapotolewa. Saa zililingana, kwa hiyo ubovu ulikuwa kwangu. Nilibadilisha waya. Nilihamishia dirishani rauta, kile kifaa kinachonasa intaneti ya minara ya simu. Nilifuta mchezo nikaupakia upya. Mwisho nikaacha kompyuta irekodi mtandao siku nzima, nikaona: rauta ilikuwa inashika mnara huu, inauacha, inashika mwingine, na kila ikihama inapewa anwani mpya ya mtandao. Wenzangu wanapotea hapo hapo.

Nilipiga simu kwa kampuni ya mtandao.

"Zima, subiri kidogo, washa," alisema dada wa huduma kwa wateja.

"Nimefanya hivyo mara nyingi, dada. Na intaneti ya waya itafika lini Buhare?"

"Kwa sasa hakuna mpango huo, kaka."

Niliibeba kompyuta pamoja na rauta hadi Bunda, nikaiweka kando ya kitanda cha kaka na kuiunganisha na yake kwa waya. Kwake haikukatika hata mara moja. Alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ajali. Nikajaribu kuingia kwa simu yangu, kupitia mtandao kama nitakavyofanya nikiwa Musoma. Nilitupwa nje. Tukajaribu mpaka jua likageuka.

Mwalimu akapiga simu. "Nimetolewa tena, ndugu yangu. Huku kwetu mtandao unakatikaga hata bila mvua. Mimi nimechoka. Nina madaftari ya kusahihisha."

"Jumamosi ijayo basi," nilimwambia.

"Tutaona."

Hakurudi. Simlaumu.

Kompyuta niliiacha Bunda. Sikuwa na dawa nyingine, na kwa kuiondoa pale ningemnyang'anya kaka hata hicho kidogo. Siku hizi nikiwa Musoma naingia kwa simu, dakika chache tu, nikibahatika. Mara ya mwisho nilikuta amejenga nyumba mbili jirani na yake, zina milango na vitanda. Kwenye mlango mmoja ameandika "Mwalimu". Wa pili, "Mdogo wangu".

Maandishi yake yakatokea chini ya skrini: "Umefika?"

Nilianza kuandika jibu. Picha ikaganda.

Nilijaribu tena na tena, halafu nikampigia.

"Usihangaike," alisema. "Nilikuwa nakuonesha nyumba tu."

"Nimeiona, kaka."

"Uliingia ndani?"

"Sikuwahi, picha iliganda."

Nikasikia vidole vyake vikigonga vitufe. Alikuwa anaendelea kujenga.